Nakumbuka Wimbo Wangu Usiku

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili neno moja la Zaburi ya 77 limenishika na halijaniachia. Asafu yumo katika taabu, mkono wake umenyoshwa usiku wala haulegei, nafsi yake inakataa kutulizwa, kisha anasema: "Nakumbuka wimbo wangu usiku." Nimeusoma mstari huo miaka mingi nikiupita haraka ili nifike mwisho wa zaburi, pale penye maji yaliyomwona Mungu yakaogopa na kundi lililoongozwa kwa mkono wa Musa na Haruni. Usiku wa Jumatatu sikuweza kuupita. Niliketi jikoni hadi saa nane, daftari la marehemu baba likiwa mapajani, na wimbo niliokuwa nimeuzika kwa miaka 11 ukarudi wote, sauti ya pili yote, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho.

Mama amehamia kwetu mwezi huu, na katika mizigo yake limo sanduku la bati la baba. Ndani yake nilikuta kaseti tatu, kile chuma kidogo chenye ncha mbili alichokuwa akikigonga gotini na kukisogeza sikioni ili aipate do, na kaunta buku nene lililojaa nota za sol-fa, zile za do, re, mi, kwa mwandiko wake ulioinama. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kwa miaka 26. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi, alitundika ukutani karatasi za manila, kila sauti kwa wino wake, akatufundisha Haleluya ya Handel, mtunzi wa muziki wa zamani wa Ulaya, kwa ajili ya Krismasi. Umeme ulipokatika wengine walitaka kwenda nyumbani, lakini yeye alifurahi, kwa maana gizani hakuna aliyeweza kuisoma karatasi na kila mmoja alilazimika kumsikiliza jirani yake.

Wale mlioimba Haleluya ile mnapajua mahali ninapopakumbuka zaidi. Baada ya "Mfalme wa wafalme" kushikwa juu kwa noti moja ndefu, na kupandishwa tena na tena huku sauti za chini zikijibu "milele na milele", Haleluya zinafuatana kwa kasi hadi mtu anadhani wimbo hauwezi tena kusimama. Ghafla wote wananyamaza. Hakuna sauti wala kinanda, kisha inakuja Haleluya ya mwisho, pole pole, kwa uzito wote. Baba aliinua mkono wake wa kushoto katika ukimya ule akauacha juu kwa muda uliotutia hofu, na mwaka mmoja, nikiwa na miaka 14, mimi ndiye niliyeimba ndani ya ukimya huo mbele ya usharika mzima. Hakunigombeza. Njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba ukimya ule nao umeandikwa, na aliyeuandika alitaka tukumbuke kwamba tumesimama mbele za nani.

Yaliyotokea baadaye nitayasema kwa kifupi. Uongozi mpya wa kwaya ulitaka vyombo vya umeme na nyimbo za kucheza, jambo ambalo halina dhambi yoyote, ila katika kikao kimoja ilisemwa kwamba nyimbo za baba zimepitwa na wakati, akaombwa arudishe ufunguo wa kabati la nota. Jumapili iliyofuata hakuna aliyesimama kusema asante. Mimi nilitoka kwenye kwaya juma lile lile. Sikuishia hapo, kwa sababu nilifunga pia kila mlango ambao muziki ule ungeweza kupitia: redio ikiupiga niliizima, na Krismasi nilichagua ibada ya kwanza ambayo haikuwa na kwaya kubwa. Miaka mitatu baadaye baba alipofariki, kwaya ile ile ilikuja kuimba kaburini, nami nikasimama mbele yao nimefunga mdomo makusudi, ili waone. Waliona. Nakiri hayo mbele zenu kwa sababu nilikuwa nashiriki Meza ya Bwana miaka yote hiyo, na nilijiona mtu mwenye amani.

Basi usiku wa Jumatatu, kwa kuwa hatuna tena chombo cha kupigia kaseti, niliutafuta Masihi mzima, ile kazi ndefu ya Handel ambayo Haleluya imo ndani yake, kwenye simu nikausikiliza tangu mwanzo, karibu saa mbili na nusu. Baada ya vyombo kufungua, maneno yanaanza na Isaya 40, "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu," kwa sauti moja ya mwanamume juu ya vinanda vya nyuzi vinavyotembea taratibu, na kabla hajamaliza mstari huo nilikuwa nalia. Ulipofika Isaya 53, ambapo anayeimba analikata neno vipande vipande, "alidharauliwa," kimya, "alikataliwa," kimya, kama mtu anayesimulia msiba na pumzi inamwishia, nilimwona baba akikabidhi ule ufunguo. Maneno yote ya kazi ile yametoka katika Biblia. Charles Jennens aliyachagua, na Handel akayatungia muziki kwa siku 24 tu, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba mwaka 1741. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba muziki huu ni wa wageni na hautuhusu. Isaya anatuhusu, na Ayubu anatuhusu.

Handel mwenyewe aliuandika katika mwaka wa namna gani? Mapema mwaka huo huo wa 1741 opera yake ya mwisho, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ilionyeshwa London mara tatu tu, ikaachwa. Miaka minne kabla yake alikuwa amepooza mkono wa kulia. Watu waliompenda walikuwa wamekwenda kusikiliza mambo mengine, na mtu wa miaka 56 angeweza kusema, hata kwa haki, kwamba amekwisha kutoa vya kutosha. Yeye aliketi akaandika Haleluya. Tarehe 13 Aprili 1742, ulipoimbwa hadharani kwa mara ya kwanza huko Dublin, fedha iliyopatikana iligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Nilipokuwa mtoto baba alitusimulia habari hiyo kila mwaka, nasi tuliisikia kama hadithi tu. Juma hili nimeielewa kwa namna nyingine, kwa sababu na mimi nilikuwa nimefungwa, na deni lenyewe halikuwa langu.

Nieleze nilichokiona katika daftari. Nusu yake ya kwanza ni nyimbo tulizofundishwa sote. Nusu ya pili nilikuwa sijaijua, na kila ukurasa una tarehe kwenye pembe. Tarehe ya kwanza ni wiki mbili baada ya kuurudisha ufunguo. Mama anasema aliandika alfajiri, kabla ya kwenda shambani, wala hakutaka tumsemee kwa mtu yeyote. Alikuwa akitafsiri ule wimbo unaofuata mara baada ya Haleluya, wa Ayubu 19:25, "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai." Kwa Kiingereza sentensi ya kwanza ya wimbo huo ina silabi 9, kwa Kiswahili, hata akiipunguza ikawa "Najua Mteteaji wangu yu hai", zinabaki 13. Ameandika "Mkombozi" akakata, akaandika "Mteteaji" akakata, akarudia "Mteteaji" akaligawa juu ya noti mbili fupi alizozipasua kutoka noti moja ndefu. Mwanzo ndio haukumpa taabu: "na" imekaa kwenye so, na "jua" imepanda hadi do, mahali pale pale Handel alipoupandisha moyo wa mwimbaji. Amefanya hivyo kwa kurasa 19, kwa kwaya ambayo hakuwa nayo tena.

Wapendwa, niliweka kalamu chini nikajiinamia. Miaka 11 nilikuwa nimetundika kinubi changu kwa niaba ya mtu ambaye hakuwahi kukitundika cha kwake. Yeye aliumia, hilo mama ameniambia, lakini maumivu yake aliyapeleka kwa Mungu kila alfajiri na kalamu mkononi. Mimi niliyachukua, nikayalisha, nikayakuza, nikayaita upendo kwa baba.

Hapa ndipo ninapowasihi. Kuna uchungu tunaoubeba kwa ajili ya watu tunaowapenda, na huo ni mgumu kuutubia kuliko uchungu wetu wenyewe kwa sababu unafanana sana na uaminifu. Mama alidhulumiwa katika urithi, na binti haongei na wajomba. Mume alisemwa vibaya kwenye kikundi, na mke amehama usharika. Aliyekosewa huenda amekwisha kusamehe, huenda hata amekwisha kulala mauti, na bado sisi tunalinda kesi yake kana kwamba Mteteaji hayupo. Waraka kwa Waebrania unatuonya kuhusu shina la uchungu linalochipuka na kuwasumbua watu, nao hautuulizi kama shina hilo tumelipanda sisi au tumerithi. Ukiona kwamba jambo fulani jema ulilopewa na Mungu huwezi tena kuligusa, wimbo, huduma, nyumba ya ndugu, meza fulani, kaa kimya mbele za Bwana umwulize ni nani aliyekufungia. Usiogope jibu. Lililonipata mimi lilikuwa jina langu mwenyewe, na Bwana alilisema kwa upole kuliko nilivyostahili.

Na ninyi wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, nivumilieni nikiwaambia neno kwa heshima yote. Mabadiliko yana wakati wake, na vijana wana haki ya kumwimbia Mungu kwa vyombo vyao. Lakini mtu aliyewafundisha watoto wenu sol-fa kwa miaka 26 bila mshahara haondolewi kwa kuombwa ufunguo. Msimamisheni mbele ya usharika, mwombeeni, mpeni kiti karibu na kwaya. Muulizeni anayo nini kwenye daftari lake. Ziko nyumba nyingi zenye sanduku la bati kama letu, na wenye masanduku hayo wanazeeka huku tukidhani hawana tena cha kutoa.

Nilipokuwa nasoma zaidi usiku ule nilikumbuka pia habari za mwisho za Handel, ambazo baba alizipenda. Mwaka 1751, akiandika wimbo wa kwaya wenye maneno yanayosema jinsi hukumu za Bwana zilivyo giza na zilivyofichwa machoni pa wanadamu, jicho lake la kushoto lilimshinda, akaandika pembeni kwamba amefika hapo tarehe 13 Februari na hawezi kuendelea. Aliendelea baadaye kidogo kidogo, kisha akawa kipofu kabisa. Hata hivyo mwaka baada ya mwaka aliletwa ukumbini Masihi ulipoimbwa, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 1759. Alikufa siku nane baadaye, Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Kwenye sanamu yake pale Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, ipo karatasi ya ule wimbo wa Ayubu, ule ule baba aliopambana na silabi zake.

Alhamisi nilimpigia simu mzee mmoja aliyekuwamo katika kile kikao. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini nilipoanza kuomba msamaha kwa ajili ya siku ya mazishi alinikatiza, akasema kwamba tangu siku ile kila akiniona kanisani anatafuta njia ya kunisalimu na anashindwa. Tulikaa kimya kidogo sote wawili. Kisha akaniuliza kama bado naimba sauti ya pili, kwa sababu wamebaki wanne tu na mmoja ni mgonjwa.

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni. Nimetoa nakala za kurasa zile 19, kwa wino mweusi ili waliokaa nyuma waone, na kile chuma cha baba nimekifuta kutu, kipo kwenye mkoba.