Alhamisi ya Wai Khru

Maua yalianza kufika shuleni Jumatano asubuhi. Kila mtoto alikuja na ya kwao, mengine kwenye mfuko wa plastiki, mengine yamefungwa ndani ya jani la mgomba. Ilikuwa Juni 13, 2018, wiki yangu ya nne nikiwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya kijiji mkoani Yasothon, eneo la Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Kalenda ya ofisini iliandika mwaka 2561, kwa kuwa Wathai huhesabu miaka ya Buddha, ambayo iko mbele ya yetu kwa 543. Kesho yake ilikuwa Wai Khru, siku ambayo wanafunzi huwapa walimu heshima yao.

Muhula wa kwanza huko hufunguliwa katikati ya Mei, na sherehe hii huwekwa Alhamisi moja, mara nyingi ya mwezi Juni. Jina la Alhamisi kwa Kithai linatokana na Brihaspati, mwalimu wa miungu katika mapokeo ya Kihindu, ndiyo maana siku hiyo wanaihesabu kuwa ya elimu.

Mchana masomo yalisimama, mikeka ikatandikwa sakafuni. Kila darasa lilipaswa kutengeneza masinia mawili ya aina wanayoiita phan, kila moja lina mguu mmoja kama bilauri: moja la maua, moja la mishumaa na vijiti vya ubani. Vitu vinne ndivyo vyenye maana, mengine ni mapambo tu. Ua la bilinganya huinamia chini linapochanua, na huo ndio unyenyekevu. Ukoka, ukoka huu huu wa kwetu unaotambaa uwanjani, hukanyagwa na kukauka, lakini mvua ikinyesha mara moja tu unafufuka; hiyo ndiyo bidii, na maarifa yanayoenea. Khem ni ua dogo lenye kikonyo chembamba, na neno lenyewe maana yake ni sindano, kwa hiyo linaombea akili kali. Cha nne ni khao tok, bisi za mpunga, zinazopasuka ndani ya chungu kilichofunikwa bila kutawanyika. Hizo ni nidhamu. Watoto wa darasa la pili walinieleza haya yote kwa vidole na michoro, maana Kithai changu kilikuwa bado cha kuombea maji.

Kwenye sinia linatangulia bonge la udongo wa mfinyanzi uliolowa. Maji yakipungua, maua hulegea kabla ya alfajiri. Yakizidi, udongo unateleza na mnara mzima unalala upande. Majani ya mgomba hukunjwa kuwa pembe ndogo zenye ncha, zikapandishwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwa pini. Wanapenda mgomba wa mwitu, kluai tani, kwa kuwa jani lake ni gumu. Hata hivyo jani lililokatwa saa hiyo hiyo huchanika likikunjwa. Wao walikuwa wamekata siku moja kabla, wakayaacha yalegee kidogo, kisha wakayafuta kwa kitambaa kibichi kwa kufuata mishipa. Mimi nilifuta kwa kukata mishipa, nikaharibu matatu kabla msichana mmoja hajanigeuzia mkono.

Kwenye asumini ndipo nilipojiona mtu wa pale. Mimi ni wa Tanga, nimekua nikimwona bibi akitunga vikuba. Wathai nao hutunga makoja ya asumini, phuang malai, kwa matumba yaliyochumwa kabla hayajafunguka. Tofauti iko kwenye sindano. Yao ni ndefu, na huipaka vaselini ili maua yateleze. Hujaza sindano yote kwanza, wakipanga duara baada ya duara, ndipo wanapovuta uzi mara moja. Sisi tunavuta kila baada ya maua machache, ndiyo sababu ya asumini zetu kuchubuka.

Niseme na la saa, kwa sababu Mswahili akifika Thailand atalifurahia kisha litamponza. Usiku, saa zao ni zetu: nueng thum ni saa moja usiku, song thum ni saa mbili, mpaka ha thum, saa tano. Nilimpigia mama kila siku saa mbili usiku, kwake ikiwa saa kumi jioni, wala sikuhitaji kupiga hesabu. Asubuhi pia, kwa hesabu ya zamani, sam mong chao ni saa tatu kamili. Mchana ndipo mnapoachana: bai song ni saa nane, na si mong yen, ambayo ina "nne" ndani yake, ni saa kumi. Wiki ya pili nilikosa kikao kizima kwa ajili hiyo.

Jioni ya Jumatano, mwalimu aliyeketi meza ya jirani na yangu alibaki kunifundisha mikono. Alinizidi miaka kama ishirini, kwa hiyo nilimwita Phi, dada mkubwa, naye akaniita Nong, mdogo wangu. Bila kujua nani mkubwa na nani mdogo, Kithai hakiendi mbali, na hapo nilikuwa nyumbani kabisa.

Wai ni kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, lakini urefu wa mikono ndio unaosema. Kwa mtawa, vidole gumba hufika katikati ya nyusi. Kwa mzazi na mwalimu, gumba hugusa ncha ya pua. Kwa mkubwa mwingine yeyote, kidevu. Mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa hupokea kwa viganja vilivyounganishwa mbele ya kifua, na mtawa harudishi. Kosa la wageni wengi ni kuanza wao kwa mtoto au kwa muuza duka. Aliyeamkiwa hivyo hafurahi, hujiona amepandishwa mahali pasipo pake.

Kisha akanionyesha krap, kusujudu. Mbele ya sanamu ya Buddha ni mara tatu, viganja vimefunguliwa juu ya sakafu. Mbele ya mtu ni mara moja tu, viganja vimebaki vimeunganishwa. Nilimwambia mimi ni Mwislamu. Akasema sihitaji kufanya lolote. Wakati wa sala nikae kimya, miguu nikiivuta nyuma, nyayo zisimwelekee mtu wala sanamu. Nilipumua.

Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, bendera ilipanda kwa wimbo wa taifa kama kila siku. Saa tatu tulikuwa ukumbini, viatu vimepangwa mlangoni, walimu tukiwa kwenye viti vilivyotazama watoto walioketi sakafuni. Mkuu wa shule aliwasha mishumaa na ubani. Mwanafunzi mmoja aliongoza maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, na ya Kithai ya kuwashukuru walimu na wengine wakamfuatisha, sauti ndogo na kubwa zikienda pamoja kwa taratibu iliyonifanya niinamishe uso. Mkuu akachovya kidole kwenye chokaa laini iliyochanganywa na maji ya manukato, akatia alama kwenye kitabu cha kiada. Ndipo masinia yakaanza kuja.

Walikuja wawili wawili kutoka kila darasa, mvulana na msichana, wakitembea kwa magoti tangu mstari wa mbele. Mvulana aliyeelekezwa kwangu alikuwa wa darasa la pili, amebeba sinia la maua lililompita kichwa. Alipobakiza hatua mbili nilisimama, nikanyoosha mikono.

Sikuwa nimefikiri. Kwetu mtoto akija na mzigo unampokea, na akipiga magoti huku ameubeba unamwahi kabla hajachoka. Mtoto yule alisita. Akashusha mabega, akainama zaidi, sinia likalala upande na bisi zikaanza kumwagika sakafuni. Msichana aliyekuwa naye alidaka ukingo kwa mkono mmoja. Nilihisi sketi yangu ikivutwa kwa nyuma.

"Nong, kaa," Phi alininong'oneza. "Ukisimama wewe, yeye ashuke mpaka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kipimo chote. Mdogo anatakiwa awe chini ya mkubwa kwa kimo, na kila inchi ninayopanda mimi anailipa yeye. Kuketi kwangu kimya ndiko kungemrahisishia kazi. Nilikaa. Alinisogezea sinia, nikalipokea kwa mikono miwili kutoka chini ya mguu wa hilo sinia, nikaliweka juu ya meza kushotoni. Akaketi kwa upande, akaweka mikono sakafuni, viganja vimeunganishwa, paji la uso likagusa gumba, mara moja. Nikainua viganja mpaka kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Alirudi kinyumenyume, kwa magoti, mpaka alipopata nafasi ya kugeuka.

Shikamoo, kama wengi wanavyoeleza, ni "nashika miguu". Nimeitamka tangu nijue kusema, na nimeiitikia marahaba darasani Tanga kila asubuhi, lakini sikuwahi kuona miguu ikisogelewa. Mkono wangu ulitaka kumgusa kichwa, kama bibi alivyotugusa sisi. Niliuzuia, maana kichwa kwao ndicho kiungo kitukufu, nami nilikuwa mgeni wa mwezi mmoja.

Waliofuata walikuwa saba. Kwa kila mmoja niliketi mgongo ukiwa wima, miguu nyuma, na hakuna bisi iliyomwagika tena.

Ijumaa baada ya masomo tulifumua masinia. Pini zilirudi kwenye kopo la biskuti, udongo kwenye ndoo yenye maji, majani chini ya miti ya maembe. Asumini zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Yaliyobaki mazima ni maua madogo ya zambarau yenye umbo la mpira, ambayo jina lake, ban mai ru roi, lina maana ya kuchanua bila kujua kunyauka. Yule mvulana wa darasa la pili alikuwa akiyachambua pembeni na kuyaweka kwenye gazeti, kwa sababu mbegu zimo humo humo ndani ya kichwa kikavu. Nilipopita alikusanya mikono, gumba kwenye ncha ya pua. Nikapokea kifuani, kisha nikaketi mkekani karibu naye tuchambue pamoja.