Niruke tu

Tangu Jumamosi kuna neno halijanitoka. Mama karudi nyumbani kutoka hospitali Jumatatu, dada kahamia Buzuruga Jumatano, na bado nikizima taa usiku ninachosikia ni mpwa wangu: "Mjomba, wewe niruke tu."

Hakulisema kwa hasira, na hapo ndipo linapouma. Tulikuwa kwenye mchezo wetu wa mezani, ule wa kuigiza wahusika kwa dadu, ambao mimi ndiye ninauendesha. Lilikuwa lile pambano la ufukweni nililowaahidi, wavuvi haramu wanavuta kokoro, ule wavu mkubwa wa kukokota, usiku karibu na mwalo. Kokoro likamnasa kabla hajacheza. Zamu ya kwanza akarusha, 9. "Bado umenaswa." Ya pili, 12. "Bado." Ya tatu, 4. Ya nne nilipomwita hakuishika dadu. Aliisogeza kwa kidole mpaka katikati ya meza, akasema, "Mjomba, wewe niruke tu." Nikamjibu, "Vumilia, bahati itageuka." Akasema, "Sawa mjomba."

Bahati haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye karatasi yangu.

Niliandika hivi: aliyenaswa hafanyi kitu, kila zamu anarusha dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya nguvu, akifikisha 15 anatoka. Mhusika wake ana wepesi wa +3 na nguvu 0. Kwake, 15 hadi 20 ni nyuso 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Kushindwa mara tatu mfululizo ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7, asilimia 34. Kila watatu wa aina yake wanaonaswa, mmoja atapoteza zamu tatu nzima. Na mapambano yetu huisha mzunguko wa nne au wa tano! Nilimwalika kijana aje akae kutwa akitazama wenzake wakicheza.

Wazo la kwanza lilikuwa kushusha 15 iwe 12. Haisaidii: mmoja kati ya sita bado anapoteza zamu tatu. Namba haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ni kwamba uwezo ule unachukua zamu yenyewe. Adui anaweza kumpokonya mchezaji mwendo, silaha, hata uhai, lakini zamu ikifika lazima pawe na jambo la kuamua.

Kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, za mwaka 2014 zililiona hilo. Wavu wao unazuia mwendo na kuharibu shabaha, lakini zamu unabaki nayo. Unatoka kwa kurusha nguvu kufikia 10, au unaukata: uhai wake ni 5 tu, yaani pigo la makali la pointi 5 linaukata. Nilikuwa nazijua kanuni hizo, nikazidisha ukali kwa sababu nilitaka kokoro litishe.

Sasa nimeandika upya. Aliyenaswa mwendo wake ni 0, na akishambulia anarusha dadu mbili za pande 20, anachukua ndogo. Aliyekuwa akipata kwa asilimia 60 anabaki na 36. Au anatumia tendo lake kuukata wavu, na hapo harushi kwanza dadu ya kulenga; alenge nini, na wavu umeshamgandamana mwilini? Kisu cha mpwa ni dadu ya pande 4 ukiongeza 3. Mara tatu kati ya nne anatoka kwa pigo moja. Akipata jumla ya 4, wavu unabaki na 1, zamu inayofuata katoka hata iweje. Nilijaribu kwanza kuupa uhai wa 10 nikaona narudi kulekule, kwa sababu pigo lake kwa wastani ni 5.5.

Mwenzake aliye karibu anaweza kumkatia. Hili linataka uangalifu, maana tendo moja la adui linakula matendo ya watu wawili. Ndiyo maana nimewapa wavutaji gharama. Kokoro halivutwi na mtu mmoja, kila mtu wa huku ziwani anajua hilo. Wapo wawili, mmoja kila kamba, uhai 9 kila mmoja, na wakishashika kamba hawapigani. Kila mzunguko wanalivuta mita 3 kuelekea nchi kavu, kwenye mapanga ya wenzao, na safari yote ni mita 9. Akianguka mvutaji mmoja, wavu unalegea wote waliomo wanatoka.

Jana usiku nimelicheza peke yangu mara sita, vijiti vya kiberiti vikiwa wavutaji. Mara ya nne mhusika wa mpwa aliamua asikate. Akaacha avutwe mpaka miguuni pa mwenye kamba, akarusha dadu mbili, 14 na 17, akamchoma kutokea ndani ya wavu. Nilicheka peke yangu sebuleni. Hilo kokoro la zamani lisingeruhusu kamwe! Nimeikunja karatasi, nimeiweka kwenye kopo la dadu zake. Jumamosi sitamwambia kitu, nitasema tu zamu yako.

Mvua ya juzi imechimba chini ya lile jiwe kubwa nyuma ya jiko. Wiki iliyopita vilikuwa vinapita vidole tu, leo asubuhi mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko. Jirani wa chini watoto wake wanalala chumba cha upande ule, na mawingu yameshajaa tena juu ya ziwa.