Usiandike Hiyo, Mwanangu

Juzi usiku binti yangu aliniletea sketi yake ya shule iliyofumuka upindo, akataka nimtilie uzi kwenye sindano. Nikaulamba uzi, nikauelekeza tunduni, na papo hapo nikamkumbuka yule mama fundi wa kushona wa Uhuru Market, Nairobi. Binti akaniuliza mbona nimenyamaza.

Ilikuwa enzi za ule utafiti wa ganzi. Tuliwafuatilia akina mama wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipewa paklitaseli, dawa iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Ndani ya seli mna vijibomba vyembamba. Dawa hii huvigandisha, seli ya saratani ikashindwa kugawanyika. Lakini mishipa ya fahamu nayo huvitegemea vijibomba hivyo hivyo, kama reli ya kusafirishia mahitaji yake, na mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, kisha ncha za vidole vya mikono.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Unapata shida kufunga vifungo? Unapata shida kutambua umbo la kitu kidogo kikiwa mkononi? Yule mama alikuwa akijibu hapana kwa kila swali, upesi, kabla sijamaliza kuuliza.

Alikuwa na desturi ya kuja na kazi. Foleni ya kliniki ni ndefu, na sare za watoto wa watu hazingojei. Asubuhi ile nilimkuta kwenye benchi, kola nyeupe mapajani, akitunga uzi. Ukapita kando ya tundu. Akaulamba tena, akaukaza kwa meno, ukapita kando tena. Kisha sindano ikamponyoka, ikaangukia kwenye leso, naye hakujua. Kidole gumba na cha shahada vilibaki vimebanana vilevile, na mkono wa pili ukaendelea kuuleta uzi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikaona pia tone la damu kwenye kola. Alikuwa amejichoma, hakusikia.

Alipoinua macho akaniona na fomu yangu.

"Usiandike hiyo, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Wakijua watanipunguzia dawa. Heri vidole viende, mimi nibaki."

Hakuwa akibuni. Ganzi ikizidi, daktari hupunguza kipimo, huahirisha, au husimamisha kabisa. Hata mwongozo wa mwaka 2020 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, haukupata dawa yoyote ya kupendekeza kwa kuizuia ganzi hiyo. Kwa maumivu yake ulipendekeza duloksetini peke yake. Na kwenye ngazi zetu za kupimia ukali wa ganzi, ngazi ya tatu ni ya mtu asiyeweza kujivalisha au kujiogesha. Mama huyu alioga, alivaa, alipanda matatu ya Jogoo Road peke yake. Kwa karatasi alikuwa afadhali. Lakini mkono ule ndio uliokuwa ukilipa kodi na karo.

Nilimwambia sitaandika kwa siri, ila sitaweza kuacha kuandika. Nikamwomba twende wote kwa daktari, aeleze mwenyewe hofu yake. Alinyamaza muda mrefu, akaokota sindano, akaichomeka kwenye kola, akanifuata. Kipimo kikapunguzwa. Akamaliza dawa zake.

Baadaye nilikutana naye kliniki. Ganzi ilikuwa imepungua, haikuwa imekwisha. Alikuwa amemweka kijana wa kushona. Yeye sasa hukata vitambaa tu kwa mkasi mkubwa, na mapato wanagawana. Tukasalimiana vizuri, akauliza watoto hawajambo. Habari ya siku ile hakuigusa, na mimi sikuithubutu.

Wasaidizi wapya ninaowafunza huwaambia waulize kwanza mtu anafanya kazi gani, ndipo waje kwenye vifungo. Hilo nina hakika nalo. Wanaponiuliza wafanyeje mgonjwa akiwaomba wasiandike, huwasimulia kisa hiki chote, wakangoja nimalizie, nami sina la kuongeza.