Wazazi Waliagizwa Kuanza na "Tulikuwa Watumwa"

Wapendwa katika Kristo, wiki hii tumemzika bibi mmoja wa kanisa letu hapa Unguja, na wasifu wake ulisomwa kwa utaratibu mzuri: mwaka aliozaliwa, mwaka aliofunga ndoa, idadi ya watoto na wajukuu, wadhifa wake katika umoja wa akina mama. Hapakuwa na kosa lolote ndani yake. Hata hivyo nilirudi nyumbani na uzito moyoni, kwa sababu wajukuu niliozungumza nao baada ya maziko hawakujua bibi yao aliipokea imani kwa nani, wala ni nini kilichomfanya aishike hata alipobaki mjane na watoto wadogo.

Nikafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Mistari ya mwanzo twaifahamu sote, ile ya kuwafundisha watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, lakini mara chache tunafika mstari wa 20, pale mtoto anapouliza maana ya maagizo ya Mungu. Mzazi haambiwi amfafanulie sheria moja baada ya nyingine. Anaambiwa amsimulie habari, na habari yenyewe inaanza kwa kukiri kwamba tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri. Musa angeweza kuwaanzishia na Ibrahimu, aliyekuwa na mifugo, fedha na dhahabu, lakini wazazi waliagizwa waanze na fedheha, kwa kuwa asiyejua kwamba baba zake walikuwa kifungoni hawezi kushangazwa na mkono uliowatoa.

Ni nani aliye na haki ya kulisoma andiko hili kuliko sisi? Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Wengi wa waumini wa mwanzo, wale wa Mbweni na wa Kiungani, vituo vya misheni hapa Unguja, walikuwa watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto mtumwa. Alipokombolewa akasomeshwa Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, misheni ya Kianglikana iliyotoka Uingereza, kisha akalichunga kundi la Mungu upande wa Newala, kusini mwa Tanzania Bara. Kila siku wageni hulipa kiingilio ili wasimuliwe habari za soko lile, na watoto wetu wa kipaimara wanawapita hapohapo uani wakienda mazoezi ya kwaya, bila hata mmoja wetu kuwaambia kwamba habari hizo ni za kwao.

Sababu naijua. Katika visiwa hivi neno mtumwa bado linauma, na asili ya mtu imewahi kutumiwa kumtukana mbele ya watu, kumnyima mchumba, kumnyamazisha barazani. Wazee wetu walifunika mambo hayo ili kutukinga, na siwalaumu. Lakini sasa, wapendwa, kinga hiyo imegeuka kuwa njaa kwa watoto. Kijana akiambiwa na wenzake kwamba dini yake ni ya watu waliokuja juzi kutoka Bara, anainamisha kichwa, kwa kuwa hajui kwamba bibi wa bibi yake alibatizwa kisiwani hapa, tena akiwa amepoteza kila kitu isipokuwa pumzi. (Sisemi hayo ili tukagombane na majirani zetu Waislamu, ambao juzi walilibeba jeneza pamoja nasi.) Enyi baba na mama, mkiificha aibu mliyotolewa, mmemficha na Yeye aliyewatoa! Zaburi ya 78 inaahidi kutowaficha watoto mambo ya Bwana, na mara inasimulia ukaidi wa baba zao bila kupunguza neno.

Shuhuda tunazozisikia siku hizi ni za kazi iliyopatikana na kiwanja kilichonunuliwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa hayo. Paulo alipotaka kumtia nguvu Timotheo alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na hakutaja kiwanja.

Basi wazee msingoje kipaza sauti. Waambieni wajukuu, mkiwa mezani au mkichambua mchele, mlibatizwa wapi, nani aliwashika mkono, ni sala gani mliyoiomba miaka mingi na jibu halijaja hata leo. Nanyi vijana, ulizeni, hata kama mara ya kwanza mtajibiwa kwa mkato. Jumapili ijayo baada ya misa mzee wetu mmoja wa Mbweni atazungumza na darasa la kipaimara; amekubali kwa sharti kwamba aruhusiwe kuketi, na kwamba watoto wamwulize lolote, pamoja na yale ambayo wazazi wao wamewakataza kuyauliza.