Nilivyopima hewa ukaa ya lita moja ya mafuta ya alizeti

Aliyeanzisha ni mteja wetu wa Dar es Salaam. Anauzia hoteli, na hoteli zilimtaka aeleze kila lita ya mafuta imetoa hewa ukaa kiasi gani tangu shambani. Akatuletea swali sisi, kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Bosi akanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mtunza daftari.

Maabara haikuhitajika, ni risiti tu: za dizeli, za umeme wa Luku, za malori. Kila kiasi unakizidisha kwa kipimo chake; lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Umeme wa gridi ulitupa unafuu, maana sehemu kubwa unatokana na maji na gesi asilia. Shambani pia hapakuwa na mengi, kwani wakulima wetu wa Kongwa na Chamwino wengi hawatii mbolea ya dukani.

Kazi ilikuwa kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, ambayo nayo huuzwa. Ukikamua gunia la alizeti, uzito mwingi unabaki kwenye mashudu, mafuta ni kidogo. Sasa moshi wa jenereta umbebeshe nani? Ukigawa kwa kilo, mashudu yanabeba mzigo na mafuta yanatoka safi kama maji ya chemchemi. Ukigawa kwa bei ya kuuzia, mafuta yanabeba zaidi. Kiwango cha kimataifa cha kupima hewa ukaa ya bidhaa, ISO 14067 cha mwaka 2018, kinakutaka useme wazi umegawa vipi. Bosi aliipenda ya kilo, na si ajabu. Mimi nikashikilia ya bei: hakuna anayewasha mashine ili apate mashudu, na mteja akihoji sitababaika kumjibu.

Hesabu ilipokaa sawa, jenereta ndiyo iliyoongoza. Umeme ukikatika iliwashwa hata kwa magunia mawili matatu, halafu inaachwa inanguruma mafundi wakiwa kwa mama ntilie. Siku hizi tunasubiri mzigo ujae ndipo tuwashe. Matumizi ya dizeli yameshuka, na bosi ameacha kuziita hesabu hizi "karatasi za wazungu".

Mteja ameongeza oda, ila anataka na hesabu ya madumu ya plastiki. Nimemwandikia anayetuuzia madumu atupe takwimu zake. Bado hajajibu.