Hakuna Aliyekufa Humu

Mahubiri yangu ya kwanza ya Ijumaa Kuu yalikuwa na kurasa 14. Niliyaandika kwa majuma matatu, nikayachapa upya mara mbili, na jioni ya Alhamisi nikayatia kwenye bahasha nikayapeleka kwa mjomba.

Mjomba hakuwa muumini. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, na kanisani aliacha kwenda tangu ujanani. Hakulificha jambo hilo, wala hakuwahi kutudhihaki sisi tuliobaki. Nilimpelekea yeye kwa kuwa sikumjua mtu mwingine aliyesoma kazi ya mwenzake kwa makini kama yeye. Na kulikuwa na sababu ya pili. Tangu nikiwa mdogo alikuwa na swali ambalo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyeweza kulimaliza: Mungu mwenye uwezo wote na maarifa yote, alikosa kabisa njia nyingine mpaka mwanawe auawe? Sasa nilikuwa mwaka wa tatu wa theolojia, na niliamini kwamba jibu limo ndani ya bahasha ile. Nilitaka alisome, anyamaze, asalimu amri.

Niliyapa kichwa "Hekima ya Msalaba". Nilianza na miti miwili: ule wa wima unaomuunganisha mtu na Mungu, na ule wa mlalo unaomuunganisha mtu na mwenzake. Nikaingia kwa Anselm wa Canterbury, mwanatheolojia aliyejenga hoja mwishoni mwa karne ya 11 kwamba heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi ilidai fidia, na fidia hiyo hakuna awezaye kuilipa ila aliye Mungu na mtu kwa pamoja. Nikaonyesha namna mfano wa Yesu wa kujitoa ulivyowatia watu moyo, kizazi hata kizazi. Sentensi ya mwisho niliipenda kuliko zote, na njiani nilikuwa naikariri kimoyomoyo: "Msalaba ndio jibu ambalo akili iliyokomaa hulifikia yenyewe."

Katika usharika wetu walikuwamo madaktari, mawakili na wahadhiri. Nilitaka watoke ibadani wakiambiana kwamba kijana huyu amesoma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lete."

Hakutaka nimsomee. Alisema sauti nzuri huficha udhaifu wa hoja, afadhali karatasi. Akavaa miwani, akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, ileile aina aliyosahihishia madaftari miaka yote, akaanza. Nilikaa upande wa pili wa meza nikiutazama mkono wake tu. Ukurasa wa kwanza, alama ya vema. Wa pili, vema. Wa tano, mstari chini ya jina la Anselm, na vema. Moyo wangu ulikuwa ukipanda kwa kila alama. Alipofika wa 14 aliisoma sentensi yangu ya mwisho, akatulia kidogo, akaandika maneno matatu pembeni, akanigeuzia karatasi.

*Hakuna aliyekufa humu.*

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza kwamba kifo kimetajwa ukurasa wa tatu, wa sita, na tena wa tisa. Akanyanyua kiganja.

"Kimetajwa. Sasa nisikilize, mwanangu. Nimekupa vema kurasa zote kwa sababu nakubaliana nazo zote. Kujitoa ni kuzuri. Fidia ina mantiki yake. Mfano mwema huwainua watu. Sina ninalolipinga humu ndani, na bado simwamini huyo Yesu wako. Huoni kwamba kuna kitu hakiko sawa?"

Sikuona. Nilihisi tu joto likinipanda usoni.

Akaniuliza nimevaa nini shingoni. Nilikuwa na msalaba mdogo wa fedha kwenye mkufu. Akauomba, nikamvulia, akauweka juu ya kurasa zangu, akaanza kufundisha kama aliyerudi darasani. Akaniambia kwamba mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa watumwa wa Spartacus kuzimwa, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara inayotoka Capua kwenda Roma. "Ni karibu kilomita 200. Piga hesabu." Nikapiga hesabu: kila baada ya mita 33 hivi, mtu. Unamaliza kumpita mmoja anayelia, unaanza kumsikia wa pili. Akaniambia kwamba adhabu ile ilikuwa ya watumwa na waasi, kwamba raia wa Roma kwa kawaida hakusulubiwa, na kwamba mwaka 63 kabla ya Kristo Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alisimama mahakamani akasema neno lenyewe, msalaba, liwe mbali na mwili wa raia wa Roma, na si mwili tu, bali hata na mawazo yake, macho yake na masikio yake.

"Neno tu," mjomba alisema. "Na wewe umelivaa shingoni, tena la fedha."

Kisha akainuka, akaleta kitabu kikubwa cha historia, akakifungua mahali palipokuwa na picha. Ilikuwa nakala ya mchoro uliokwaruzwa kwenye lipu ya ukuta na kugunduliwa mwaka 1857 kwenye kilima cha Palatino, kule Roma. Wengi huuweka karibu na mwaka 200. Niliinamia ile picha kwa muda mrefu. Mistari yake ni ya haraka, kama ya mtoto anayechora kwa msumari huku akichungulia mlango. Kuna msalaba, na juu yake mtu anayeonekana kwa mgongo, mwenye kichwa cha punda. Chini upande wa kushoto kijana amesimama ameinua mkono mmoja kumwelekea. Maneno ya Kigiriki yaliyokwaruzwa hapo yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake.

"Huyu aliyechora," mjomba alisema akigusa ukurasa kwa kalamu iliyofunikwa, "alikuwa anamcheka mwenzake. Lakini alielewa mwenzake anasema nini. Alielewa kwamba kuna mtu anadai Mungu alining'inia pale. Mahubiri yako angeyasoma asingecheka. Angepiga miayo."

Nilitaka kuondoka. Badala yake akaniomba nimsomee Paulo, Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 17. Alijua mahali penyewe, jambo lililonishangaza. Nilisoma kwa sauti iliyokauka. Kristo alimtuma Paulo kuihubiri Habari Njema, "wala si kwa hekima ya maneno, msalaba wa Kristo usije ukabatilika." Mstari ule nilikuwa nimeushika kwa kichwa tangu mwaka wa kwanza. Nikaendelea: "Kwa sababu neno la msalaba kwao wanaopotea ni upuzi, bali kwetu sisi tunaookolewa ni nguvu ya Mungu." Nilipofika kwenye kikwazo kwa Wayahudi na upuzi kwa Wayunani akanisimamisha.

"Paulo kaandika upuzi. Wewe umeandika hekima. Mimi ni Myunani, naona upuzi, nasema hapana. Hiyo ni heshima ninayompa Paulo. Wewe umenipa kitu gani cha kukikataa?"

Ninaandika haya miaka mingi baadaye na swali lile bado linanigusa palepale.

Mjomba hakunifundisha kudharau elimu, ingawa nimesikia wahubiri wakilitumia andiko hili kuwapiga wasomi, kana kwamba Mungu hufurahi tukiwa wajinga. Huko ni kulitesa andiko. Paulo mwenyewe alisimama Areopago, kule Athene, akanukuu washairi wa Kigiriki, na ni elimu ya mjomba iliyonifungua macho usiku ule. Kosa langu lilikuwa jingine. Nililichukua tendo la Mungu nikalipeleka mbele ya akili ya mwanadamu ili likaguliwe na kupitishwa, na ili lipite nikalinyoa kila kilichochoma. Tena nilifanya hivyo kwa ajili ya sifa. Korintho ile iliyojengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo ilipokea wengi waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Watu waliokwisha kupanda ngazi. Kitu cha mwisho walichotaka kukumbushwa ni kifo cha mtumwa. Paulo angeweza kabisa kuwaanzia na jambo jingine, akaazimu asijue neno kwao "ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa." Mimi niliwaogopa mawakili wachache.

Nilirudi usiku, nikakaa na Biblia mpaka karibu kukucha. Nilikumbuka kwamba chuoni niliwahi kufanya mtihani juu ya hoja ambazo Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kijerumani, alizitoa mjini Heidelberg mwaka 1518, pale anapomtofautisha mwanatheolojia wa utukufu na yule wa msalaba: wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya, wa pili hukiita kitu kwa jina lake. Nilifaulu vizuri mtihani ule. Nilikuwa nimeijua hoja kama mtu anavyojua njia ya mji asiowahi kufika.

Kurasa zangu 14 sikuzigusa. Nikafungua Mathayo 27 na kusoma polepole, na ndipo nikayasikia, kana kwamba kwa mara ya kwanza, maneno ya wakuu wa makuhani pamoja na waandishi na wazee: "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe." Hawa walikuwa wasomi, wenye Maandiko vichwani. Walijua vyema Kumbukumbu la Torati, kwamba aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu. Hesabu yao ilikuwa safi: mwenye nguvu hujiokoa, huyu hajiokoi, basi hana nguvu. Hata sharti waliloweka lilikuwa la haki kwa akili ya kawaida: na ashuke sasa msalabani, nasi tutamwamini. Mimi pia ningeliweka. Nililiweka kwa kurasa 14, maana nilichofanya ni kumteremsha msalabani kwa upole ili watu wamwamini. Na walichosema kwa dhihaka kilikuwa kweli tupu. Asingeweza kuokoa wengine na kujiokoa mwenyewe pia. Alichagua. Sikuweza kuendelea kusoma. Nililia, si kwa aibu ya kalamu nyekundu, aibu hiyo ilikuwa imeshapita. Nililia kwa sababu kwa miaka mitatu nilikuwa nimemsoma mtu huyu bila kumwangalia.

Asubuhi nilipanda mimbarini na Biblia peke yake. Nilitetemeka hata ilinibidi nishike kingo za mimbari kwa mikono yote miwili. Nilisema kwa dakika kumi au pungufu. Nilieleza ile barabara ya Capua na wale watu 6,000. Nilisema Bwana wetu alikufa kifo chao, kifo ambacho watu wenye heshima zao hawakutaka hata kusikia jina lake, na kwamba Mungu hakuwa mbali akitazama. Palepale, kwenye mti ule, ndipo alipokuwa akitenda. Nilisoma maneno ya wale wasomi, na nilipofika "hawezi kujiokoa" sauti ilinikwama. Nikasubiri. Haikurudi vizuri. Nikamalizia kwa mstari wa 25 wa sura ile ya Paulo: "Kwa sababu upumbavu wa Mungu una hekima zaidi ya wanadamu, na udhaifu wa Mungu una nguvu zaidi ya wanadamu." Nikashuka. Kwaya haikuwa tayari, kwa kuwa hawakutarajia nimalize mapema hivyo, na kanisa zima lilikaa kimya kwa muda nisioweza kuukadiria.

Mlangoni mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba kutoka kwa mtu wa chuo alitarajia mengi zaidi. Iliniuma, sitaficha. Wahadhiri walinisalimu kwa adabu wakapita.

Mjomba alikuwa nje, chini ya mti, kofia mkononi. Sikujua kwamba alikuwamo ibadani. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nikamsogelea, nikamwamkia, akaitikia, kisha akanishika mkono na hakuuachia upesi kama kawaida yake. Alinitazama bila tabasamu.

"Leo sikubaliani na wewe hata kidogo," alisema.

"Najua, mjomba."

"Hata neno moja." Akauachia mkono, akaingiza wake mfukoni mwa shati, pale penye kalamu, akatoa mkufu wangu na ule msalaba mdogo niliousahau mezani kwake. Aliushika kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kitu kinachoweza kumkata, akaniwekea kiganjani. Kisha akavaa kofia akaondoka kabla kwaya haijatoka.