Siku Mjomba Alipokwenda Kuiaga Harrier

Mjomba wangu hakuwa mtu wa majeshi. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, kijana wa Mombasa aliyezeekea Uingereza, na vita kwake ni kitu kinachopandisha bima ya meli na kufunga bandari, basi. Kwa hiyo aliponipigia simu Desemba 2010, mimi nikiwa mwanafunzi Leicester, akaniambia nivae nguo nzito twende tukaage ndege ya kivita, nilidhani sikumsikia sawasawa.

"Harrier," akasema. "Jumatano ndiyo siku yake ya mwisho kuruka. Nakuja kukuchukua saa mbili asubuhi, na usinicheleweshe."

Nilimuamkia, nikaingia garini, na kabla hatujafika mji wa Oakham nilikuwa nimeshaijua sababu. Mwezi wa Juni 1983 rubani kijana wa jeshi la majini la Uingereza, Ian Watson, aliruka na Sea Harrier, yaani Harrier ya baharini, ndege inayoweza kutua wima, kutoka manowari ya kubeba ndege, HMS Illustrious, kwenye mazoezi nje ya pwani ya Ureno. Akakosa njia. Redio haifanyi kazi, vifaa vya kumwelekeza navyo havifanyi kazi, mafuta yanakwisha, manowari haionekani. Alichokiona ni meli ya mizigo ya Kihispania, Alraigo, ikielekea Tenerife. Mwanzo alikusudia kujirusha kwa kiti cha kujiokolea karibu nayo ili waje wamwokoe majini. Halafu akaona makontena yamepangwa sitahani, bapa. Akatua juu yake.

"Juu ya makontena, wasikia?" Mjomba akaachia usukani mkono mmoja kunionyesha. "Meli kama zetu, si manowari. Watu wako kwenye shughuli zao, chuma kinashuka kutoka mbinguni, chasimama juu ya mzigo. Bandari zote mwaka ule, hadithi ilikuwa ni hiyo."

Kituo cha jeshi la anga cha Cottesmore kilikuwa Rutland, mashamba matupu pande zote. Tulikuta magari yamejaa kando ya njia, na watu wamejipanga kwenye uzio: wengine na ngazi zao za kupandia, wengine wamebeba watoto mabegani. Mawingu yalikuwa chini. Baridi ile sitaki kuieleza.

Nilimwuliza Mjomba swali lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. Ndege hizi zilikuwa zimetoka Kandahar, Afghanistan, mwaka mmoja tu uliopita, na kabla ya hapo Iraki. Mabomu yake hayakuwa ya mazoezi. Tunaaga nini hasa?

"Najua," akasema. "Sikuja kuisifu. Nimekuja kuiona." Akamimina chai.

Sijui kama jibu lile linatosha. Siku ile lilinitosha kwa sababu midomo ilikuwa imeganda na chai ilikuwa ya moto.

Jirani yetu kwenye uzio alikuwa mzee Mwingereza, fundi wa zamani wa ndege hizo. Alikuwa amezitumikia Ujerumani Magharibi enzi za vita baridi, wakati Harrier zilipokuwa zikifichwa misituni, marubani na mafundi wakilala kwenye mahema, maana viwanja vya ndege vilitarajiwa kupigwa mwanzo kabisa. Ndiyo ilikuwa hoja nzima ya ndege inayotua wima: uwanja ukilipuliwa, unayo barabara au kipande cha uwazi porini. Mzee aliposikia kwamba Mjomba ni baharia, akamgeukia yeye, mimi nikabaki msikilizaji.

Alieleza kwa mikono. Injini ni moja tu, Pegasus, nayo ina matundu manne ya kutolea msukumo, mawili kila ubavu. Ya mbele hutoa hewa baridi, ya nyuma hutoa moshi wa moto, na yote manne huzunguka pamoja. Rubani ana wenzo mmoja wa ziada kando ya ule wa kuongeza nguvu. Akiuvuta, matundu yanaelekea chini na ndege inasimama angani. Ikisimama hivyo mabawa hayana kazi tena, kwa hiyo hewa ya injini hupelekwa kwa mabomba mpaka puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa, itoke kwa vishindo vidogo vya kuisawazisha. Kisha akatupa lalamiko lake la miaka mingi: ukitaka kutoa injini ya Harrier, lazima kwanza ung'oe bawa lote. Lote! Alilitaja jambo hili mara kadhaa, na kila mara Mjomba alitikisa kichwa kwa masikitiko ya dhati, kwani kila baharia anaijua meli ambayo aliyeichora hakuwahi kuitengeneza.

"Na maji?" Mjomba akauliza. Alikuwa amesoma, kumbe.

Mzee akafurahi. Ndiyo, hubeba maji, lita kama 227, ya kumwagiwa injini ipoe ili iweze kutoa nguvu zaidi wakati wa kutua wima. Yanakwisha kwa sekunde 90 hivi. Ukikaa ukijiuliza utue wapi, yamekwisha.

Zilianza kupaa. Nilitarajia zinyanyuke wima kama lifti, na nadhani nusu ya watoto mabegani walitarajia hivyo pia. Hapana. Zilikimbia kwenye njia ya kurukia kama ndege nyingine yoyote. Mzee akanifafanulia kwamba kupaa wima hula nguvu zote za injini, hubaki na nafasi ndogo ya mafuta na silaha; kwa hiyo kazini Harrier hukimbia kidogo kwanza, na inaporudi nyepesi ndipo hutua wima. Kwa manowari zenye sitaha fupi, afisa mmoja wa majini, Doug Taylor, alibuni kuipinda sitaha kwenye omo, yaani mbele ya meli, iinuke, ndege irushwe juu na mpindo huo. Ndivyo Sea Harrier zilivyokwenda kwenye vita vya visiwa vya Falklands 1982, na hakuna hata moja iliyodunguliwa na ndege ya Argentina, ingawa nyingine zilipotea kwa mizinga ya ardhini na ajali.

Kumi na sita zilipaa. Ngurumo ilipita kwenye uzio, ikapita kwenye meno yangu. Zikapotea mawinguni, na kwa muda mrefu hatukuwa na la kutazama, tukabaki na mzee na ukoo wa ndege yake. Hizi za leo, aina ya GR.9, si zile zilizoanza kazi kituo cha Wittering mwaka 1969. Zile za kwanza zilitokana na ndege ya majaribio P.1127, ambayo rubani Bill Bedford aliiinua uwanja wa Dunsfold Oktoba 1960 ikiwa imefungwa kwa minyororo na yeye mguu wake umo kwenye plasta. Hizi ni kizazi cha pili, walichokitengeneza pamoja na Wamarekani: bawa kubwa la nyuzi za kaboni, mzigo mwingi zaidi. Wamarekani waliziita AV-8B na wakati ule hawakuwa na mpango wa kuziacha karibuni. Serikali ya London ndiyo iliyoamua Oktoba, kwa kubana matumizi, ibaki na ndege nyingine ya kivita, Tornado.

Miezi michache baadaye vita vya Libya vilipoanza, Tornado zilikuwa zikiruka kutoka Norfolk mpaka Libya na kurudi, huku Harrier za Italia na Marekani zikiondoka melini karibu na pwani ile. Mjomba alinipigia simu akicheka. Na mwaka huo huo Uingereza ikawauzia Wamarekani Harrier 72 wakazifanye vipuri.

Siku ile pale Cottesmore, ziliporudi zilitua moja moja, watu wakapiga makofi. Baadhi walilia. Mzee wetu alikunja kiti chake.

Kabla hatujaachana Mjomba alimsimulia Alraigo, naye mzee akamsahihisha: ndege haikutulia juu ya makontena. Iliteleza kinyumenyume, na kilichoizuia isiende baharini ni gari dogo la mizigo lililokuwa sitahani. Magurudumu ya nyuma yalilikalia. Siku nne baadaye meli ikaingia Tenerife na mzigo wake wa ajabu, na wenye meli na mabaharia wakalipwa pauni 570,000 kwa uokoaji.

Kiasi hicho Mjomba hakuwa amewahi kukisikia. Alinyamaza hadi Oakham, nikijua anagawanya.

"Toa fungu la wenye meli," akasema mwishowe. "Toa la nahodha. Bado, mwanangu, bado pesa. Na sisi tulipita bahari ile ile, mwaka ule ule, hatukutuliwa hata na kunguru."